Ajenda ya Nne

Ajenda ya nne tuliifikia saa saba mchana,
baada ya choo cha wasichana na deni la maharage.
Mkuu wa shule akasoma:
"Somo la kuandika programu, kidato cha kwanza hadi cha nne,
liwe la lazima. Wajumbe, karibuni."
Feni ilikuwa imelala tangu umeme ukatike saa nne.
Bati peke yake likisema, ta, ta, kwa jua la Mpunguzi.

Akaanza Mama Mbeleje, wa upande wa wazazi:
"Lazima ninayoijua mimi ni ya mchango.
Lazima dawati, lazima uji, lazima rimu ya karatasi.
Hii nayo bei gani?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Mwalimu Ndahani, wa hesabu, akasimama,
chaki ingali kwenye kucha.
Ana kompyuta kumi na mbili, saba ndizo zinazoamka,
na wanafunzi mia tatu na arobaini.
"Nigawanyieni," akasema, "mimi imenishinda."
Halafu akatusimulia la Jumanne:

alimfanya Sechelela kuwa mashine.
Ndoo mkononi, tenki mbele yake, pipa pembeni,
darasa zima likapewa kalamu limwandikie amri.
Chota. Mimina. Rudia.
Sechelela akachota, akamimina, akarudia.
Pipa likajaa. Akachota.
Likafurika, maji yakakimbia chini ya viatu vya watu,
maji, Mpunguzi, mwezi wa Oktoba,
wakapiga kelele, Acha! Acha wewe!
naye, uso mkavu kama kioo, akachota,
kwa kuwa neno acha
hawakuliandika.

Chumba kikanyamaza.
Najua kila mmoja wetu alikuwa anahesabu ndoo.

Bwana Chilewa, mwenye ekari tatu za mizabibu,
akasema kupogoa nako ni hivyohivyo:
hesabu macho; kama yamezidi mawili, kata; kama ni moja, subiri msimu.
"Nimefundisha vijana saba.
Wanne waliletwa kwa nguvu na baba zao,
hao ndio walioniulia mizabibu."
Akafuta jasho.
"Ila mmoja katika hao wanne
leo ananishinda mimi."
Tukamwuliza sasa yuko upande gani.
Akasema upande wa mkasi uliotiwa makali.

Mimi ni katibu. Niliandika: wajumbe walijadili kwa kina.
Sikuandika kwamba nami nililazimishwa Fizikia,
nikatoka nayo kama mtu atokavyo mvuani:
nimelowa, sijanywa.
Wala sikuandika kwamba Sechelela,
angeulizwa mwaka jana achague,
angechagua nini? Mlango usiowahi kuuona
hata kuupita huwezi kusema umeupita.

Ndipo simu ya Mama Mbeleje ikatetemeka mezani.
Akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho:
shilingi elfu nne na mia mbili zimekatwa,
ule mkopo wa Agosti, wa mbegu,
na kesho zitakatwa tena, na keshokutwa.
"Huyu anayekata," akasema, "ni mtu?"
Mwalimu akajibu taratibu: "Si mtu, mama.
Ni maneno. Mtu aliyaandika, akaenda kulala."
"Na acha yake iko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Bati, ta, ta.

"Andika lazima," akaniambia mimi,
kana kwamba kalamu yangu ndiyo iliyomkopesha.
"Lakini rimu sinunui. Na vile vitano visivyoamka
mviamshe kwanza, ndipo mwite watoto wetu."

Kura: ndiyo sita, hapana nne.
Mmoja hakuinua mkono, alikuwa anaandika.
Nje, Sechelela na wenzake walikuwa kwenye foleni ya tenki,
zamu ya jioni, ndoo chini, wakibishana
ni nani aliyesahau.

Ajenda ya tano: uzio.